Redio yanguruma sola ikiwashwa: dalili, chanzo na tiba ya kelele za saketi za swichi

Redio ya betri iliyokuwa ikishika vizuri inaanza kunguruma siku ileile kontrola ya sola inapofungwa ukutani. Taa ya LED ikiwashwa, stesheni ya FM ya mbali inamezwa na mchakacho. Chaja ya USB ikichomekwa kwenye gari, redio ya gari inapoteza stesheni. Dalili ni tofauti lakini ugonjwa ni mmoja: ndani ya kila kifaa hicho kuna transista inayokata na kuunganisha umeme mara maelfu kwa maelfu kila sekunde, na umeme unaokatwa ghafla hutoa mawimbi.

Mafundi wengi hukimbilia kununua: feraiti (kiini cha sumaku cha kuziba kelele), kapasita, fimbo ya kuchimbia ardhini. Kisha kelele inabaki palepale. Mkondo wa kelele ni mkondo kama mwingine wowote. Hautoki bila kurudi kwenye chanzo chake, na tiba inafanya kazi pale tu unapoijua njia yake ya kurudi na kuifupisha au kuiziba. Swali hilo, unarudi kwa njia ipi, ndilo la kuulizwa kwa kila dalili hapa chini.

Kelele inazaliwaje

Mkondo unaobadilika huzaa uga sumaku unaobadilika, nao huo huzaa uga umeme. Viwili hivyo vikishikana huondoka kwenye waya na kusafiri hewani kwa kasi ya kilomita 300,000 kwa sekunde. Heinrich Hertz alipothibitisha mawimbi ya sumakuumeme mjini Karlsruhe katika miaka ya 1880, alichotumia kuyarusha kilikuwa cheche: umeme unaoruka pengo kwa ghafla. Mosfeti, ile transista ya swichi iliyo ndani ya chaja, inafanya kazi ya cheche ile, ila kwa mpangilio.

Pawa saplai inayopiga 65 kHz haiishii 65 kHz. Ina hamoniki, yaani marudufu ya masafa hayo, kwenye 130, 195, 260 na kuendelea. Kinachoamua zitafika wapi ni wepesi wa ukingo, yaani muda ambao volti inachukua kupanda au kushuka. Chukua muda huo, uzidishe kwa 3.14, kisha ugawe 1 kwa jibu lake. Ukingo wa nanosekunde 20 unakupa karibu 16 MHz, wa nanosekunde 5 unakupa karibu 64 MHz. Chini ya kizingiti hicho ukubwa wa hamoniki hupungua mara kumi kila masafa yanapoongezeka mara kumi; juu yake hupungua mara mia. Ndiyo maana chaja ya 100 kHz inaweza kuharibu FM ya 100 MHz, ambayo ni hamoniki yake ya elfu moja.

Waya ndio antena. Kwenye 100 MHz urefu wa wimbi ni mita 3, na robo yake ni sentimita 75, karibu sawa na kebo ya kuchajia simu. Waya wa mita 10 kutoka paneli ya juu ya paa hadi kontrola ni robo ya wimbi la 7.5 MHz, katikati ya masafa mafupi. Kwenye masafa ya kati, tuseme 1 MHz, wimbi lina mita 300, na hapo nyumba nzima iko ndani ya eneo la karibu, linaloishia yapata mita 48 kutoka chanzo. Katika eneo hilo uga sumaku wa kitanzi kidogo hupungua kwa kasi sana: umbali ukiongezeka maradufu, uga unabaki sehemu moja ya nane. Kusogeza redio mita mbili kunaweza kuwa tiba tosha ya AM. Kwa FM usitegemee hilo.

Kelele husafiri kwa namna mbili, na ukizichanganya utapoteza siku nzima. Kuna kelele ya kwenda na kurudi: inatoka kwa waya chanya na kurudi kwa hasi. Na kuna kelele ya pamoja: inatoka kwa waya zote mbili kwa wakati mmoja, upande uleule, na kurudi kupitia hewa, ukuta, ardhi na mwili wa mtu aliyeshika kifaa. Hii ya pili hupitia kapasita ambazo hakuna aliyezichora kwenye mchoro. Mosfeti ikibanwa kwenye hitisinki, kati yake na bati hilo pana kiasi cha pikofaradi 20 au zaidi. Volti 325 zikishuka kwa nanosekunde 50, pikofaradi 20 hizo zinapitisha miliampea 130 kwa kitambo hicho. Sasa linganisha: mikroampea 5 tu za kelele ya pamoja, kwenye waya wa mita 1 kwa 50 MHz, zinatoa mikrovolti 100 kwa mita ukiwa umbali wa mita 3. Kanuni za Marekani haziruhusu vifaa vya nyumbani kuvuka kiwango hicho kwenye masafa hayo. Kelele ya pamoja ndiyo mkosaji wa kwanza karibu kila mara redio inaposumbuliwa.

Kabla ya kununua chochote, mtafute mkosaji

Chukua redio ndogo ya betri yenye masafa ya kati. Itoe kwenye chaja yake kabisa, kwa sababu redio iliyochomekwa ukutani inaletewa kelele na waya wake yenyewe na itakudanganya. Iweke mahali pasipo na stesheni, sauti ya kati.

Zima kila kitu ndani ya nyumba, halafu washa kimoja kimoja. Usisahau vilivyochomekwa bila kutumika: chaja isiyo na simu bado inapiga swichi, mara nyingine kwa mafungu, na mlio wake ni wa kukatikakatika. Kama kelele inabaki hata swichi kuu ikizimwa, inatoka kwa sola yako au kwa jirani.

Ukishajua kifaa, tafuta waya unaotangaza. Ndani ya redio ya masafa ya kati kuna fimbo ya feraiti, kwa kawaida imelala kuelekea upana wa redio. Uga sumaku huuzunguka waya kama pete, kwa hiyo redio ikiwekwa fimbo yake ikikatiza waya kelele inapanda, na fimbo ikilala sambamba na waya inashuka. Pita nayo kando ya kila waya unaotoka kwenye kifaa: wa paneli, wa betri, wa taa. Ule unaonguruma zaidi ndio wa kuanza nao.

Mwenye kipokezi cha RTL-SDR cha kuchomeka kwenye kompyuta afanye hivi: achukue kebo ya koaksi, akunje ncha yake iwe kitanzi cha sentimita 3, aunganishe waya wa kati na shea ya nje (wavu wa chuma unaouzunguka), kisha apitishe kitanzi hicho juu ya bodi. Vipokezi hivi vingi huanzia karibu 24 MHz, hivyo vinafaa kwa matatizo ya FM, si ya masafa ya kati.

Dalili: kelele inarudi kila baada ya hatua sawa

Zungusha kitufe cha stesheni taratibu na uandike kila mahali kelele inapopanda. Ukipata 585, 650, 715 kHz, tofauti ni 65, na hiyo ndiyo kasi ya swichi. Pawa saplai nyingi za ukutani hupiga 65 au 100 kHz. Katika moduli za kubadili volti, LM2596 inatakiwa kupiga 150 kHz, XL4015 hupiga 180 kHz, MT3608 hupiga 1.2 MHz. Kwa namba hiyo unaweza kumtaja mkosaji bila kufungua sanduku lolote.

Ukipima moduli iliyoandikwa LM2596 ukakuta hatua za karibu 50 kHz, IC hiyo mara nyingi si halisi. Koili iliyowekwa kwenye moduli ilichaguliwa kwa ajili ya 150 kHz, kwa hiyo mawimbi madogo kwenye volti ya kutoka yatakuwa makubwa mara kadhaa. Usihangaike kuichuja. Ibadilishe.

Dalili: mngurumo mzito wa 100 Hz, hasa stesheni ikishikwa

Ukisikia mlio mzito unaotokea juu ya stesheni na kutoweka kati ya stesheni, chanzo si swichi yenyewe. Ni diodi za daraja, zinazogeuza AC kuwa DC, upande wa umeme wa ukutani. Zinafunguka na kufunga mara 100 kwa sekunde, na wimbi la stesheni linalopita kwenye waya za nyumba linakatwakatwa nazo. Weka kapasita ya 1 hadi 10 nF kuvuka kila diodi, yenye kustahimili volti 1,000. Kazi ya dakika kumi.

Kifaa kinachokula betri tu hakiwezi kutoa mlio huu. Ukiusikia kwenye nyumba ya sola pekee, angalia invata.

Tahadhari kabla ya kufungua pawa saplai yoyote ya ukutani: kapasita kubwa ndani yake hubaki na volti karibu 325 hata baada ya kuchomolewa. Gusa miguu yake kwa rezista ya 22 kΩ ya wati 5 iliyofungwa kwenye waya zenye ganda, shikilia sekunde 15, kisha pima kwa mita. Usitumie bisibisi.

Dalili: kelele ya mchana tu, jua likizama inakufa

Hiyo ni kontrola ya sola, na kwa kawaida ni ya MPPT (inayotafuta nguvu ya juu kabisa ya paneli). Kontrola ya PWM (inayounganisha na kukata paneli kwa vipigo) hupiga polepole zaidi na sauti yake ni ya mtatariko mzito. MPPT hupiga makumi ya kilohezi na sauti yake ni mvumo mpana. Hakikisha hivi: jua likiwa kali, katisha upande wa paneli kwa kutumia kikatio cha umeme wa DC. Kelele ikifa papo hapo, umempata. Usichomoe tu plagi ya paneli yenye mzigo, kwa sababu umeme wa DC hauzimiki wenyewe kama wa AC na cheche yake inaunguza plagi na vidole.

Anza na waya, kwa sababu hapo tiba ni bure. Mara nyingi waya chanya umeshuka upande mmoja wa paa na hasi upande mwingine. Kitanzi cha mita 4 kwa 3 kina eneo la mita mraba 12, nacho ni antena ya kitanzi. Zilaze waya hizo pamoja na kuzisokota kama kamba, mzunguko mmoja kila sentimita 5 hadi 10, kutoka paneli hadi kontrola. Fanya vivyo hivyo kwa waya za betri, na zifupishe. Kusokota kunaua kelele ya kwenda na kurudi, kwa sababu uga wa waya mmoja unafutwa na wa mwenzake. Kelele ya pamoja hakuigusi.

Kwa kelele ya pamoja unahitaji pete ya feraiti, na hapa kosa ni lilelile kila mahali: fundi anapitisha waya mmoja tu kwenye pete. Mkondo wa DC wa ampea 10 kwenye waya mmoja unaishibisha feraiti, na feraiti iliyoshiba ni sawa na hewa. Pitisha chanya na hasi pamoja, upande uleule, ndani ya pete moja. Mkondo wa DC unaenda kwa mmoja na kurudi kwa mwingine, sumaku zao zinafutana, pete inabaki na nguvu yake yote kwa ajili ya kelele.

Idadi ya mizunguko ina maana kubwa kuliko idadi ya pete. Ukinzani huongezeka kwa mraba wa mizunguko: waya ukipita tundu mara 8 unapata ukinzani mara 64 ya ule wa kupita mara moja, angalau kwenye masafa ya chini. Kupita tundu mara moja kunahesabiwa mzunguko mmoja. Kwa masafa ya kati na mafupi weka mizunguko 8 hadi 12. Kwa FM weka 1 hadi 3 tu, maana mizunguko mingi ina kapasita kati yao na kelele ya 100 MHz inaruka juu yao. Aina 31 ya feraiti inafaa kuanzia 1 hadi 300 MHz, aina 43 kuanzia 25 MHz kwenda juu, na aina 75 kwa masafa ya chini ya kati. Pete ya milimita 61 inapokea waya mbili za 4 mm² kwa mizunguko kadhaa bila shida.

Usipopata pete mpya, fungua pawa saplai ya kompyuta iliyokufa. Pete ya njano yenye upande mweupe iache: ni unga wa chuma uliotengenezwa kutunza nishati, na kwa kelele ya pamoja ni dhaifu. Unachotaka ni choki ya upande wa umeme wa ukutani, yenye nyaya mbili zilizozungushwa kwenye kiini kimoja cha feraiti. Hiyo imetengenezwa kwa kazi hii hasa, ila angalia unene wa waya wake kabla ya kupitisha ampea 10.

Feraiti pekee inaziba njia. Ili mkondo urudi nyumbani, fungua njia fupi: kapasita ya 10 nF kutoka chanya hadi ganda la chuma la kontrola, na nyingine kutoka hasi hadi hapo hapo, ndani ya sanduku au mlangoni pake kabisa, kabla ya pete. Kwa paneli za hadi volti 100 tumia kapasita za volti 250 au zaidi. Miguu iwe mifupi kadiri mkono unavyoweza, kwa sababu tutakayoiona mbele.

Maji hufuata mkondo, na kelele pia. Ukitibu waya za paneli ukaacha za betri na za mzigo, kelele inahamia huko. Kila waya unaotoka kwenye sanduku lazima upate pete yake.

Na fimbo ya ardhini? Waya wa mita 5 kwenda ardhini una takriban mikrohenri 5, na kwa 10 MHz hiyo ni zaidi ya ohm 300. Kwa masafa ya redio huo si ardhi, ni kipande kingine cha antena. Mara nyingine kelele huongezeka baada ya kuufunga. Ufunge kwa usalama wa watu na radi, na usiudai kazi nyingine.

Dalili: taa ya LED ikiwashwa FM inachakacha

Balbu za bei ndogo huachiwa bila kichujio cha kuingia ili kuokoa nafasi na fedha. Waya wa dari unaoning'iniza balbu una urefu wa kutosha kutangaza FM. Unaweza kubana feraiti kwenye waya mbili kwa pamoja, ndani ya sentimita 5 kutoka kishikilio. Kama haitoshi badilisha balbu, kuifungua hakulipi. Ukienda kununua beba redio, omba iwashwe dukani, na uisogeze redio hadi nusu mita.

Dalili: chaja ya gari inaua redio ya gari

Kwanza tenganisha na mvumo wa altaneta. Kanyaga mafuta: mlio ukipanda pamoja na injini, ni altaneta au waya wa ardhi wa redio. Ukibaki vilevile, ni chaja.

Kisha chomoa kebo ya simu lakini acha chaja. Kelele ikipungua sana, antena ni kebo: zungusha kebo mara 3 kwenye feraiti ya kubana ya aina 43, karibu na chaja, si karibu na simu. Isipopungua, kelele inaingia kwa waya wa volti 12 wa gari. Jambo linalosahaulika ni mguu wa antena juu ya paa. Shea ya koaksi ikiwa imeoza pale inapogusa bati, redio inatumia waya zote za gari kama antena na inakusanya kila uchafu. Kwangua kutu, kaza nati, pima ohm kati ya shea na bati: iwe chini ya 1.

Dalili: ukigusa bati la kifaa kinachochajiwa, vidole vinatekenywa

Hili huwatisha watu, na chanzo chake kiko hapahapa kwenye kelele. Kati ya upande wa ukutani na upande wa kutoka kuna kapasita ya Y, kwa kawaida 2.2 nF au chini. Kazi yake ni kurudisha kelele ya pamoja kwenye chanzo bila kupitia hewani. Kwa volti 230 na 50 Hz, 2.2 nF inapitisha takriban miliampea 0.16, ambayo ngozi kavu inaihisi kama mtekenyo. Soketi yenye ardhi nzima na plagi ya miguu mitatu huuondoa.

Mtekenyo ukiwa mkali au wenye kuuma, acha kutumia chaja hiyo. Na ukibadilisha kapasita hii, weka ya Y1 au Y2 yenye alama hiyo ubavuni, kamwe si ya kawaida hata iwe ya volti 2,000. Kapasita ya Y imejengwa ili ikifa, ifie wazi, yaani isipitishe umeme. Ya kawaida inaweza kufa kwa kushikana, na siku hiyo umeme wa ukutani unafika mkononi mwa mwenye simu. Kuiondoa ili kuzuia mtekenyo nako ni kosa: mtekenyo unaisha, kelele inapanda sana, na kioo cha simu kinaanza kujigusa chenyewe wakati wa kuchaji.

Dalili: moduli uliyoijenga au kuinunua inachafua saketi nzima

Hapa hesabu ya wimbi inasaidia sana. Uga unaotoka kwenye kitanzi kidogo cha mkondo unategemea mkondo, eneo la kitanzi na mraba wa masafa. Masafa huwezi kuyabadili kirahisi, mkondo unauhitaji, lakini eneo ni lako.

Jua kitanzi kipi ni cha moto. Kwenye saketi ya kushusha volti ni upande wa kuingia: kapasita ya kuingia, swichi, diodi, na kurudi. Huko mkondo unakatwa kwa ghafla, ilhali upande wa kutoka umelainishwa na koili. Kwenye saketi ya kupandisha volti kama MT3608 ni kinyume: kitanzi cha moto ni swichi, diodi na kapasita ya kutoka. Wengi huongeza kapasita upande usiofaa na kushangaa.

Kwa LM2596, chukua kapasita bapa ya seramiki ya X7R, 10 µF volti 50, uichomelee risasi kati ya mguu wa 1 na upande hasi wa kuingia pale anodi ya diodi ilipo. Iwe juu ya bodi moja kwa moja, bila waya. Seramiki hupoteza uwezo zikipewa volti karibu na mwisho wake, ndiyo maana tunasema volti 50 hata kwa umeme wa volti 24.

Kuhusu urefu wa miguu: kila sentimita ya waya ina takriban nanohenri 10. Kapasita ya 100 nF yenye miguu ya sentimita 1 kila upande ina nanohenri 20 zikifuatana nayo, na kuanzia yapata 3.5 MHz kwenda juu inaanza kufanya kazi ya koili. Kwa FM haipo kabisa. Kapasita hiyohiyo ikiwa bapa, bila miguu, inafika 15 MHz au zaidi kabla ya kugeuka.

Angalia pia koili. Zile za umbo la ngoma, zilizo wazi, humwaga uga sumaku pande zote. Zilizofunikwa kwa feraiti huuweka ndani. Kama mwanzo wa waya una alama ya nukta, mwanzo huo uelekee swichi, ili tabaka la nje la waya, ambalo limetulia, lifunike lile linalorukaruka.

Sasa tetemeko la ukingo. Ukiona kwenye oskiloskopu volti ya swichi inatetemeka kila inapopanda, kelele itakuwa kali hasa kwenye masafa ya tetemeko hilo. Tiba ni snaba: rezista na kapasita zikifuatana, kuvuka diodi au swichi ya chini. Usikisie thamani. Pima masafa ya tetemeko, kisha ongeza kapasita ndogo kuvuka diodi hadi masafa yashuke nusu. Kapasita iliyojificha kwenye saketi ni theluthi ya uliyoongeza. Mfano: tetemeko la 80 MHz linashuka hadi 40 ukiweka 330 pF. Iliyojificha ni 110 pF, induktansi inatoka karibu nanohenri 36, na rezista ni kipeuo cha pili cha 36 nH kugawanywa na 110 pF, yaani ohm 18. Kapasita ya snaba iwe mara 3 hadi 4 ya iliyojificha: 330 au 470 pF. Kwa volti 24 na 150 kHz, 470 pF inapoteza wati 0.04, hivyo rezista ya robo wati inatosha. Isiwe ya waya wa kuzungushwa, kwa sababu hiyo ni koili.

Njia nyingine, kama mosfeti iko nje ya IC, ni kuongeza rezista ya geti, tuseme kutoka 4.7 hadi 22 Ω. Ukingo unalegea na kelele ya FM inashuka, lakini joto linapanda. Pima joto la mosfeti likiwa na mzigo kamili kwa nusu saa kabla ya kufunga sanduku.

Dalili: umeweka kichujio cha koili na kapasita, mambo yakawa mabaya zaidi

Kichujio cha 10 µH na 10 µF kina rezonansi yake karibu 16 kHz. Kwa 150 kHz kinapunguza kelele mara 88 hivi, kwenye karatasi. Lakini saketi ya swichi ina tabia ngeni: volti ya kuingia ikishuka, inavuta mkondo zaidi. Ukinzani wake kwa mabadiliko madogo ni hasi. Kwa volti 12 na wati 20 ni ohm 7.2 hasi. Ukikutanishwa na kichujio kisicho na breki, vyote vinaanza kubembea, saketi inalia na volti inayumba. Weka breki: kapasita ya elektroliti ya 47 hadi 100 µF sambamba na ile ya seramiki, ikifuatana na rezista ya ohm 1. Elektroliti nyingi ndogo zina ohm hiyo ndani yake tayari.

Dalili: kilikuwa kimya miaka miwili, sasa kinanguruma

Elektroliti zimekauka. Pima ESR (ukinzani wa ndani wa kapasita), si mikrofaradi peke yake. Kapasita nzuri ya 1,000 µF volti 25 ya aina ya ESR ndogo ina sehemu chache za mia za ohm. Ukikuta inakaribia ohm 1, imekwisha hata kama mita ya kapasita inaonyesha 900. Maisha yake hupungua nusu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, kwa hiyo kontrola iliyofungwa chini ya bati la paa hufa mapema. Badilisha zote za kutoka kwa pamoja, ziwe za nyuzi 105.

Dalili: saketi ya kidhibiti inajiwasha upya rilei inapokata

Weka 1N4007 kuvuka koili ya rilei, katodi upande wa chanya. Hiyo inamaliza teke la koili peke yake. Kama tatizo linabaki wakati rilei inakata pampu au mota, cheche iko kwenye kontakti: weka ohm 100 na 100 nF ya X2 (aina ya usalama kwa umeme wa ukutani) zikifuatana, kuvuka kontakti hizo. Kwa umeme wa AC rezista iwe ya wati 1. Snaba hiyo hupitisha miliampea kama 7 hata kontakti zikiwa wazi, kwa hiyo taa ndogo ya LED kwenye mzigo huo inaweza kuwaka kidogo, na mzigo usihesabiwe kuwa umekatwa mtu anapoutengeneza.

Ukipima na oskiloskopu, usipime waya wako mwenyewe

Waya mweusi wa ardhi wa probu, ule wa sentimita 15 wenye mdomo wa mamba, ni kitanzi kinachonasa kila kelele ya mezani. Ufunge mdomo huo kwenye ncha ya probu yenyewe, kisha usogeze kitanzi hicho juu ya moduli bila kuigusa. Unachokiona kwenye kioo ni kelele ya uongo inayojumlishwa kwenye kila kipimo chako. Vua kifuniko cha probu, zungusha waya mfupi kwenye pete ya chuma iliyo shingoni, na uguse ardhi milimita 10 kutoka ncha. Mara nyingi nusu ya "tetemeko" linatoweka, na thamani za snaba unazopata sasa ndizo za kweli.